Skrini ya pili na pini ya 12

"Fundi, kioo cha kulia kimekataa tena." Simu hiyo niliipokea asubuhi tatu ndani ya wiki moja, kutoka ofisi ya chumba kimoja iliyoko Mpemba, kando ya barabara kuu ya Zambia, ambako malori ya mizigo hupita mchana na usiku na vumbi halikauki mezani.

Mwenye ofisi ni dada mmoja, wakala wa forodha. Kwenye skrini ya kushoto hufungua ankara na orodha ya mizigo ya mteja, kwenye ya kulia huandaa tamko la forodha, lile mawakala walilozoea kuliita TANSAD. Msimbo wa bidhaa una tarakimu nane. Skrini moja ikipotea, dada huyo hulazimika kufungua ankara, kuzibeba tarakimu kichwani, kisha kurudi kwenye tamko, mstari baada ya mstari. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa Oktoba 2019, gari linaloelekea Zambia hukamilishiwa taratibu za nchi zote mbili mahali pamoja, kwa hiyo nyaraka zinatakiwa ziwe zimenyooka kabla dereva hajafika langoni. Ndiyo maana sikutaka kumwambia achomoe waya na kuuchomeka tena kila siku, ingawa njia hiyo ilikuwa ikifanya kazi.

Kabla yangu walikuwa wamepita mafundi wawili. Mmoja aliweka Windows upya, mwingine alibadilisha programu ya kuendeshea skrini na kushauri inunuliwe kadi ya picha. Hatua hizo zina mantiki kama hitilafu ni ya kudumu. Hii ilikuwa inakuja na kuondoka meza inapofutwa vumbi, na programu haijui kama meza imeguswa.

Kompyuta ni ya mtumba, Intel ya kizazi cha 4, kile kilichotoka mwaka 2013. Nyuma ina tundu moja la VGA na mawili ya DisplayPort. Skrini zote mbili zinatumia VGA. Ya kushoto ilichomekwa moja kwa moja, ya kulia ilipitia adapta ndogo iliyochomekwa kwenye DisplayPort, inayogeuza mawimbi ya kidijitali kuwa ya analogia.

Ili skrini itambulike, kompyuta hutafuta majibu mawili. La kwanza: kuna kitu huko mwisho wa waya? La pili: wewe ni nani, na unaweza kuonyesha nini? Jibu la pili huitwa EDID, nalo ni kifurushi cha baiti 128 kilichohifadhiwa ndani ya skrini: jina la mtengenezaji, ukubwa, vipimo vya picha inavyovimudu. Mwishoni kuna baiti moja ya ukaguzi. Ukijumlisha zote 128 na kugawa kwa 256, baki lazima liwe sifuri. Waya ukitetereka katikati ya usomaji, hesabu inakataa na kompyuta inakitupa kifurushi kizima.

VGA ilizaliwa mwaka 1987 bila mazungumzo haya. Mpango wa kusoma utambulisho kupitia waya uliwekwa na shirika la viwango vya skrini, VESA, mwaka 1994, ukapewa pini ya 12 na ya 15 kwenye kichwa kilekile cha pini 15. Rangi na mpangilio wa picha hupita kwenye pini nyingine. Kwa hiyo waya wa VGA unaweza kuleta picha safi kabisa huku njia ya utambulisho ikiwa imekatika.

Nilianza na vitufe. Windows na P, kuhakikisha skrini hazikuwekwa kwenye hali ya moja tu. Kisha Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, kuamsha upya programu ya picha. Hakuna kilichobadilika, nikaacha kibodi.

Nikahamisha skrini zenyewe: ya kulia nikaiweka kushoto, nyaya zikabaki zilipokuwa. Nikaisukuma iliyokuwa sasa kulia taratibu, kama dada anavyofanya akifuta vumbi asubuhi, nikawasha kompyuta upya. Haikuonekana. Skrini zote mbili zikawa zimeondolewa lawama.

Nikabadilishanisha nyaya. Hapa ndipo mtu anapoweza kupotea. Skrini ya kulia, ikiwa na waya mwingine kwenye adapta ileile, ilitulia. Ya kushoto ikawaka, lakini herufi zilikuwa nene na zimevutwa, maana ilikuwa kwenye 1024 kwa 768 badala ya 1920 kwa 1080. Dada akasema, "Sasa hata hii nyingine imeharibika!" Nilimwomba radhi na subira, kwa sababu nilikuwa nimepata nilichokitafuta. Ilikuwa hitilafu ileile, imevaa nguo nyingine.

Tundu la VGA la kompyuta hii lina njia ya pili ya kugundua skrini. Linapima kama kuna mzigo wa omu 75 kwenye nyaya za rangi. Mzigo upo, basi skrini ipo, hata kama haijataja jina. Na isipotaja jina, Windows huipa kipimo cha tahadhari. Adapta yetu haina subira hiyo. Isiposoma EDID, huiambia kompyuta kwamba hakuna kitu. Waya mmoja mbovu, upande mmoja unaifuta skrini, upande wa pili unaipunguzia kipimo tu. Lau ningetazama dalili bila kufuata waya, ningehesabu matatizo mawili na kununua vifaa viwili.

Nikauchomoa waya, nikawasha tochi ya simu. Safu ya chini ya pini, ya pili kutoka ukingoni: imelala upande, ncha yake imekwaruzika kwa kuingia nusu. Skrubu mbili za pembeni hazikuwahi kukazwa, kichwa kilikuwa kinaning'inia kwa uzito wake. Kila kitambaa cha vumbi kilipopita, pini ya 12 iligusa au iliachia.

Ningeweza kuinyoosha kwa koleo jembamba, lakini pini iliyowahi kupinda inaweza kuvunjika ndani ya tundu, na hapo hasara inahamia kwenye adapta. Nikaenda Tunduma mjini kununua waya mpya, na dukani nilivua vifuniko na kuhesabu pini za vichwa vyote viwili kabla ya kulipa. Ya 9 ikikosekana si neno kwa skrini hizi. Waya wa kwanza nilioonyeshwa, mwembamba na wa bei ndogo, haukuwa na ya 12 kabisa. Wa tatu ulikuwa nazo zote.

Niliukaza skrubu nne kwa vidole, nikaufunga kwenye mguu wa meza ukiwa na ulegevu wa kiganja kimoja, kisha nikamwomba dada afute vumbi kwa namna yake ya kila asubuhi. Alifuta mara nne, na kila mara tuliwasha upya. Skrini zote mbili zilisimama kwenye 1920 kwa 1080, naye akaendelea na tamko aliloliacha mstari wa kumi na moja.