Mtunza Moto Aliye Ukutani

Sakafu inayopashwa joto kwa umeme, ambayo nchini Norway ni jambo la kawaida katika bafu la nyumba, hupita katika mikono ya mafundi wawili wasiolipwa sifa sawa: mwashi, ambaye vigae vyake hutazamwa na kila aingiaye, na fundi umeme, ambaye nyaya zake huzikwa chini ya vigae hivyo na kuacha alama moja tu juu, kisanduku kidogo cha ukutani kiitwacho themostati, yaani kidhibitijoto, chombo kinachopima joto na kuruhusu au kukata umeme kulingana na kipimo hicho. Kwa kuwa jicho huona kisanduku peke yake, watu wengi wamekwisha kuamini kwamba kukifunga ni kazi ya skrubu mbili na ncha sita za waya, na kukipangia saa ni kazi ya kubonyeza vitufe mpaka kioo kiache kuuliza maswali. Dharau hiyo imeilemaza sanaa iliyo na ukoo mrefu kuliko umeme wenyewe.

Kabla ya kuwapo themostati, joto la sakafu lilikuwa na mtunzaji wake. Nchini Korea, katika mfumo uitwao ondol, moto uliowashwa jikoni ulipitisha moshi na hewa ya moto chini ya mawe ya sakafu ya chumba kabla ya kutokea kwenye dohani. Warumi wa kale waliinua sakafu za mabafu yao juu ya nguzo fupi za matofali ili hewa ya tanuri ipite chini yake. Na katika Mji Mkongwe wa Unguja, bafu la umma la Hamamni, lililojengwa katika utawala wa Seyyid Barghash uliodumu tangu mwaka 1870 hadi 1888, lilipata maji yake ya moto kwa mifereji iliyopita chini. Majina ya waliotia kuni katika matanuri hayo hayatajwi popote, ilhali wao ndio waliojua lililo gumu zaidi, kwamba jiwe halina haraka, kwamba anayetaka sakafu yenye joto alfajiri hana budi kuamka mbele ya wote, na kwamba moto ukiachwa mapema usiku sakafu huendelea kuutunza kwa saa kadhaa bila kuni mpya. Walijua pia nani katika nyumba huamka kwanza.

Chombo kilichokuja kuchukua nafasi ya watu hao kilianza kama msaidizi wao. Jina lake lilitumiwa na Mskoti Andrew Ure mwaka 1830, kwa kifaa chenye vipande vya metali mbili vilivyoshikamanishwa ambavyo hupinda vikipata joto, kwa sababu metali moja hutanuka kuliko nyingine. Miongo mitano baadaye Warren Johnson, mwalimu wa chuo katika mji wa Whitewater, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, alikuwa akikatizwa vipindi na mhudumu wa jengo aliyeingia darasa baada ya darasa kutazama kipimajoto, kisha kushuka chini kurekebisha milango ya hewa ya tanuri. Mwaka 1883 akapata hataza ya kifaa cha umeme kilichopiga kengele huko chini pindi darasa lilipozidi au kupungua joto. Kifaa hicho hakikufungua wala kufunga kitu chochote. Kilimwita mtu tu. Hatua zilizofuata, za kumwondoa mtu huyo kabisa, zinajulikana na hazina haja ya kusimuliwa hapa, isipokuwa kwa kusema kwamba kila kilichoondolewa kwa mtunza moto kilipaswa kuwekwa mahali pengine, na sehemu kubwa ya ujuzi wake iliangukia mikononi mwa fundi anayefunga themostati.

Fundi wa namna hiyo, akiwa ni fundi kweli, hutangulia kutoa mita kabla ya bisibisi. Waya wa joto, yaani waya uliotengenezwa ili upate moto umeme unapopita ndani yake, una ukinzani wake, ambao ni kiasi cha kuupinga mkondo, na ukinzani huo hupimwa kwa omu. Bafu lenye mita 4 za mraba zilizo wazi, likitandikwa waya wa wati 150 kwa kila mita ya mraba, litahitaji wati 600, na kwa umeme wa volti 230 waya huo hauna budi kusoma karibu omu 88. Fundi huupima ungali katika mviringo wake, akaandika. Huupima tena ukishatandazwa, akaandika. Na huupima mara ya tatu mwashi akishamwaga saruji na kupanga vigae, akaandika. Pamoja na hayo hukagua kwamba ngozi ya waya haivujishi umeme kwenda kwenye waya wa ardhi. Namba tatu zikilingana, waya umesalimika. Ya tatu ikikataa kusoma, basi mwiko wa mwashi au kisigino cha kiatu kimekwisha kuukata, na ni heri kujua hivyo siku hiyo kuliko kujua baada ya mwenye nyumba kuhamia. Nchini Norway kazi hii hufanywa na kampuni za umeme zilizosajiliwa, na mwenye nyumba hukabidhiwa hati ya kuthibitisha kwamba imefuata kanuni. Lakini hati huweza kujazwa ofisini, ilhali zile namba tatu haziandikiki na mtu ambaye hakupiga magoti sakafuni.

Katika kazi yote hiyo hakuna kinachoonyesha tabia ya fundi kuliko bomba la kihisi. Kihisi ni kijipande kidogo kilicho kwenye ncha ya waya mwembamba, ambacho ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyoongezeka, na kwa njia hiyo huipa themostati habari za sakafu. Kingeweza kulazwa moja kwa moja ndani ya saruji, nacho kingefanya kazi vizuri kwa muda. Fundi mwenye adabu ya kazi hakilazi hivyo. Huchonga mfereji mwembamba kutoka kwenye kisanduku cha ukutani hadi sakafuni, akalaza ndani yake bomba jembamba la plastiki, akaliingiza katikati kabisa ya mikondo miwili ya waya wa joto ili kihisi kisidanganywe na waya ulio karibu mno, akakwepa kizingiti cha mlango chenye ubaridi, akakwepa bomba la maji ya moto, akakwepa pia mahali ambapo zulia la bafuni litawekwa. Mwisho wa bomba huuziba ili saruji isiingie. Pale ukuta unapokutana na sakafu, hulipinda bomba kwa upole, upinde mpana usio na kona, kisha husukuma kihisi hadi mwisho na kukivuta nje, na kukisukuma tena.

Kitendo hicho cha kuvuta na kusukuma huchukua muda mfupi mno, na ndicho kinachostahili kutazamwa. Fundi hapo hajihudumii yeye, wala hamhudumii mwenye nyumba wa leo, kwa kuwa kihisi ni kipya na hakina kasoro. Anamhudumia fundi mwingine asiyemjua, atakayekuja baada ya miaka kumi au ishirini kihisi kitakapokufa, akifungua kisanduku na kuvuta ule waya mwembamba kwa wasiwasi. Ukitoka wote, fundi huyo wa baadaye atatia kihisi kipya kabla chai haijapoa. Ukikataa, kwa sababu bomba lilivunjwa kona au halikuzibwa au halikuwekwa kabisa, vigae vitavunjwa au sakafu itaachwa iongozwe kwa kubahatisha. Hakuna mkaguzi anayeweza kuuona upinde huo ukishafunikwa, na mwenye nyumba hataulipia senti moja ya ziada. Siku hizi, kazi inapohesabiwa kwa idadi ya mabafu kwa wiki, kihisi hulazwa ndani ya gundi ya vigae na bomba hubaki katika gari.

Uzembe wa aina hiyo una ndugu zake. Kihisi cha kawaida husoma omu 10,000 kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, lakini vipo pia vya omu 12,000 na vingine, na themostati nyingi huuliza katika ukurasa wake wa kwanza ni kipi kilichofungwa. Fundi aliyebadili themostati akaacha jibu la kiwandani la omu 10,000, huku kihisi cha zamani kikiwa cha omu 12,000, ameiambia themostati kwamba sakafu ya nyuzi 25 ina nyuzi 21 tu, nayo itaipasha kwa uaminifu nyuzi nne zaidi majira yote ya baridi. Wapo pia wanaowasha umeme siku ya pili ili vigae vikauke upesi, jambo ambalo vitabu vya maelekezo hulikataza, kwa sababu saruji inayokaushwa kwa nguvu kutoka chini hupasuka.

Inayosahauliwa zaidi ya yote ni kazi ya mwisho, ya kuiratibu themostati, yaani kuipangia saa na viwango vya joto kwa kila siku ya juma. Hapa ndipo ule ujuzi wa mtunza moto ulipopaswa kurithiwa. Fundi wa kale wa kazi hii, kabla ya kugusa kitufe, aliuliza: nani huamka kwanza, saa ngapi, nyumba hubaki tupu lini, Jumamosi hufuata desturi gani, yupo mtoto mchanga au mzee asiyelala. Kisha aliweka mpaka wa juu, kwa kuwa kanuni za Ulaya huchukulia nyuzi 29 kuwa ukomo wa uso wa sakafu katika vyumba vya kukaa na 33 katika bafu, na sakafu ya mbao kwa kawaida haivushwi nyuzi 27 isije ikakauka na kuachana. Akaeleza pia kwamba sakafu nzito ya saruji haipati joto papo kwa hapo, kwa hiyo anayetaka nyuzi 27 saa kumi na mbili asubuhi lazima aupange umeme uanze mapema. Themostati za sasa hujifunza jambo hilo zenyewe, kwa kukadiria siku hadi siku sakafu inachukua muda gani, na huo ni uvumbuzi wa kupongezwa, ila hujifunza tabia ya saruji tu. Tabia ya watu wa nyumba hiyo hazina njia ya kuijua isipokuwa ziambiwe.

Haziambiwi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2015/1188, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, iliweka kiwango cha ufanisi kwa vipasha joto vya vyumba, na kwa hiyo themostati yenye ratiba ya wiki imekuwa chombo cha kawaida. Lakini sheria huweza kudai nafasi ya ratiba iwepo, haiwezi kumleta mtu wa kuijaza. Nyumba nyingi huishi kwa ratiba ya mtu wa kufikirika aliyebuniwa kiwandani, aondokaye kila asubuhi na kurudi kila jioni, au mwenye nyumba, akichoshwa na kioo asichokielewa, huifunga themostati kwenye kiwango kimoja usiku na mchana. Hata saa yenyewe huachwa: Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, wakati Norway inapobadili majira, themostati isiyojirekebisha hubaki ikipasha vigae kwa ajili ya mtu aliyekwisha kutoka au ambaye bado amelala. Simu imeongezwa ili kuokoa hali, na sasa mtu huweza kuipasha sakafu ya bafu lake akiwa ndani ya basi, bila kujua kihisi chake kimelazwa wapi.

Wasomaji wa Kiswahili walioko Oslo, Bergen au kwingineko kwenye sakafu za namna hii wanaombwa kufanya mambo mawili kabla ya baridi kuingia: kuisahihisha saa ya themostati, na kufungua mlango wa kabati la fyuzi kutazama kama ipo karatasi yenye zile namba tatu. Isipokuwapo, aitwe aliyefunga, angali anakumbuka.