Kufunika Kipe kwa Mkono Mmoja

Kipe ni maboti mawili yaliyofungwa pamoja kwa miti, ubavu kwa ubavu, yakaachiwa nafasi ya wavu katikati. Usiku wa giza yanaondoka Kibirizi au Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, na taa zake, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unawapandia kutoka chini. Mbalamwezi ikishaiva taa hazina kazi tena. Vipe vinavutwa mchangani, na watu wanashona nyavu, wanakwenda harusini, wanalala. Ni siku hizo inapofanyika kazi ninayotaka kuisifu, ambayo sijamsikia mtu akiisifu: kufunika chombo.

Wengi huifanya kwa nguvu. Vijana wanne, kila mmoja na ncha yake ya turubai, upepo wa ziwani unaingia chini yake, turubai linatuna kama tumbo la chura, kelele zinaanza. Mmoja anavutwa mpaka magotini majini. Mwisho linafungwa hivyo hivyo, limelegea hapa, limechanika pale, na mvua ya kwanza inatengeneza bwawa katikati.

Mzee ninayemzungumzia anafanya peke yake. Kiharusi kilimwachia mkono mmoja, ule wa kulia unaning'inia tu, na magoti yake, kwa maneno yake mwenyewe, "yanauliza kwanza kabla ya kukunja." Hapendi kusaidiwa, na ukimhurumia anakutuma dukani.

Nimekaa naye alasiri tatu mwaloni Ujiji, na ningeweza kusema siri yake ni kwamba hanyanyui kitu. Kipe chake kimelala omo likitazama nchi kavu, tezi likitazama ziwa. Kila upande umesimamishwa nguzo yenye panda, na kati ya nguzo hizo imekazwa kamba moja inayopita juu ya pengo la maboti mawili. Turubai linaning'inia kwenye kamba hiyo kwa vipande vya bomba la plastiki la maji, vilivyokatwa upana wa vidole viwili. Mjukuu wake alilitundika siku moja tu, halijashushwa tena. Kipe kikiwa wazi, turubai limejikunja lote upande wa tezi kama pazia la mlangoni.

Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, kwa hiyo hufunika alasiri. Anakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, upande wa omo, kamba ya kuvutia mkononi. Anavuta. Anaikanyaga. Anasogeza mkono mbele. Anavuta. Vipande vya bomba vinanong'ona juu ya kamba, upepo unasukuma kutoka nyuma, turubai linakuja lenyewe. Upepo ule ule wanaopigana nao vijana wanne, yeye kaupa kazi. Kufunua anasubiri alfajiri, hewa inapotoka milimani kushuka ziwani, na mjukuu, akiwapo, anavuta kamba ya upande wa pili. Asipokuwapo, mzee anaifuata taratibu akiegemea ubao.

Halafu pembezoni. Hapa ndipo mtu mwenye mikono miwili angefunga mafundo ishirini. Fundo la mkono mmoja linahitaji meno, na meno nayo yamepungua. Anatundika dumu tupu la lita tano kwenye kila tundu la turubai, kwa kulabu ya waya. Dumu tupu ni jepesi kama kofia. Kisha anachota maji kwa kata na kulijaza lilivyotundikwa, kata baada ya kata, mpaka turubai linakazika. Chini ya kila dumu kuna kitundu kilichozibwa kwa kijiti. Siku ya kufunua anachomoa kijiti na kwenda zake kunywa chai, uzito unajimwaga wenyewe mchangani.

Ncha mbili anaziacha wazi. Nilidhani amesahau. Mbao zikifungiwa joto na unyevu zinaoza kutokea ndani, hasa pale mataruma yanapokutana na ubao, ambapo jicho halifiki. Ukiziacha juani bila kivuli zinakauka, mshono unafunguka na kalafati inatoka. Kwa hiyo kivuli juu, hewa ndani. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, jua la kiangazi lilipata miezi mitatu kamili ya kuzikausha mbao za vyombo vilivyoachwa wazi.

Ziwa hili limewahi kuona ufunikaji mkubwa zaidi. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha meli yao, Graf von Goetzen, karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, ili isiangukie mikononi mwa adui. Mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito kabla ya kuizamisha. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Nilipomsimulia mzee, hakushangaa. Aliuliza tu kama grisi ilitosha kufika kwenye maungio.

Alasiri ya mwisho mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Kongo. Nilisimama nishike ncha ya turubai, nikajikuta natafuta namna ya kuivuta kwa nguvu zote.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Kwani unagombana na nani?"

Akanipa kata. Madumu yalikuwa kumi na mawili. Nilijaza la kwanza haraka, nusu ikanimwagikia miguuni.

"Polepole. Hata ile mvua unayoiona, haijavuka bado."

Nikaanza la pili.