Volumnia: Mama Mzazi au Mpiga Debe?

Tamthilia ya Coriolanus ya Shakespeare, iliyochapwa mara ya kwanza 1623, husomwa sana kama kisa cha kiburi. Caius Martius ana kiburi, naam, tena cha kupindukia. Makabwela wa Roma anawatukana hadharani. Lakini mhakiki anayekomea hapo amemsahau mama yake, Volumnia, na kwangu mimi tamthilia hii ni ya huyo mama.

Hebu tumtazame. Ni yeye aliyempeleka mwanawe vitani angali kijana mdogo. Martius anaporejea kutoka Corioli, kabla hata hajaingia jukwaani, mama anahesabu majeraha. Yalikuwa 25; rafiki yao Menenius anamwambia sasa ni 27. Wanafurahi! Kisa? Anayegombea ukonsuli sharti avae joho la unyenyekevu, asimame sokoni na kuwaonyesha watu makovu yake. Jeraha ni kura, basi.

Wapo wanaomwita mama katili, na methali ya mtoto umleavyo hawaiachi. Sikubaliani nao. Roma haikumpa mwanamke kura wala cheo. Akili ya siasa aliyokuwa nayo, na anawashinda wanaume wote mle ndani, angeipeleka wapi kama si kwa mwanawe? Tatizo ni kwamba alimlea asimwinamie mtu, halafu katika sehemu ya tatu anamtaka avue kofia, apige goti na kusema asichokiamini. Kijana anajaribu, anashindwa, anafukuzwa mjini, anahamia kwa adui, Wavolski, na kurudi na jeshi kuichoma Roma.

Hapo ndipo penyewe. Mama anampigia goti mwanawe, jambo la kupindua dunia, na mwana anamshika mkono, kimya. Anajua kuukubali ombi hilo huenda kukamgharimu uhai, na anakubali. Akirudi kwa Wavolski, Aufidius anamwita msaliti, kisha anamwita mtoto wa machozi. Neno hilo la “mtoto” ndilo linalomuuma kuliko yote. Analirudia, anafoka, wanamuua.

Na mama je? Roma inampokea kwa shangwe kama mwokozi wake. Anapita jukwaani hasemi neno, na hatumwoni tena. Habari ya kifo hatuonyeshwi akiipokea. Wenzetu wa sanaa za maonyesho wakiiigiza tamthilia hii, wasimtafute mwigizaji mwenye sauti kubwa tu. Wamtafute anayeweza kunyamaza.