Madini Adimu: Kwa Nini Mrima na Ngualla, si Unguja

Kila bei ya madini adimu inapopanda, husikika swali: Unguja nayo hainayo? Jibu limo katika mawe yake. Mji Mkongwe umejengwa kwa matumbawe na chokaa. Mashariki na kusini mwa kisiwa ni maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe. Magharibi ni udongo wa kichanga na kinamo. Kisima cha mafuta kilichochorongwa Unguja miaka ya 1950 kilipita mita 4,000 bila kutoka kwenye miamba ya mashapo: mchanga, tope na chokaa vilivyotuama baharini.

Madini adimu hayazaliwi humo. Atomu za madini adimu, yaani neodimiamu na wenzake, ni kubwa, haziingii kirahisi katika madini ya kawaida ya miamba. Uji wa moto wa miamba unapoganda, hubaki katika mabaki ya mwisho. Mwamba unaozikusanya zaidi ni kabonataiti, uliotokana na uji wenye kaboneti nyingi uliopanda kutoka chini sana ya ardhi.

Kabonataiti iliyo karibu na visiwa vyetu ni ya kilima cha Mrima, Kwale, pwani ya Kenya. Mvua na joto viliyeyusha kaboneti, zikabaki tabaka nene za udongo zenye niobiamu na monazaiti, ambayo ndani yake mna madini adimu. Monazaiti hubeba pia thoriamu, na thoriamu hutoa mionzi. Kwa hiyo kipima mionzi kikipitishwa kilimani, kinaonyesha wapi pa kuchimba mashimo ya majaribio.

Lakini kipimo hicho hakitoshi. Ngualla, mkoani Songwe, Tanzania Bara, kabonataiti yake ina umri wa takriban miaka bilioni moja, na kinachobeba madini adimu humo hasa ni bastinesaiti, yenye thoriamu kidogo. Anayefuata mionzi peke yake angeweza kuidharau. Kilichoithibitisha, kuanzia 2010, ni sampuli za udongo na mawe zilizopimwa maabara, kisha uchorongaji wa mashimo kwa mpangilio. Ndipo ikahesabiwa akiba ya mbale tani milioni 18.5 zenye oksidi za madini adimu asilimia 4.8.

Funzo ni moja: mionzi huashiria, maabara huthibitisha, uchorongaji hupima wingi, lakini vyote huanza na mwamba mzazi. Atakayekuja Unguja kutafuta wawekezaji wa madini adimu, muulizeni kwanza: kabonataiti yako iko wapi?