Milimita 9 za barazani

Marekani, ambako nyumba nyingi ni kiunzi cha mbao, mbao za plastiki ya PVC hufunika kuta za nje ili mvua isiingie ndani ya kiunzi. Huku Tanzania, Kilosa na Mikumi, ukuta wenyewe ni tofali la kuchoma, na kulifunika kuna ubaya wake. Tofali hunywa maji, nalo linahitaji hewa likauke. Kilosa wanalijua hilo tangu mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009. Basi huku PVC imepanda juu, kwenye dari ya baraza na chini ya mapaa, na huko ndiko mafundi wengi wanakokosea.

Sifa zake ni za kweli. Mchwa hawaili, na bati likivuja haivimbi wala kudondoka kama jipsamu. Kasoro yake ni joto. Kipande cha karibu meta 6, urefu unaouzwa madukani, hurefuka kiasi cha milimita 9 joto likipanda nyuzi 25. Bati la urefu huohuo halifiki hata milimita 2. Na nyuzi 25 si jambo kubwa: alfajiri ya Julai ni baridi, na mchana wa Novemba bati la baraza linachoma hewa yote iliyo juu ya dari.

Fundi aliyezoea mbao hukata kipande kikabana ukuta kwa ukuta, kisha hukaza skrubu mpaka kichwa kizame. Kazi hupendeza siku ya kukabidhi. Joto likija, kipande kinakosa pa kwenda na dari inabinuka mawimbi.

Mbao za ukutani za Marekani zina matundu marefu, na msumari hupigwa katikati ya tundu bila kukazwa, ili ubao uweze kuteleza. Vipande vyetu vya dari mara nyingi havina matundu hayo, kwa hiyo fundi ayatengeneze: atoboe ukingo kwa biti nene kuliko skrubu, akaze skrubu moja tu ya katikati ya kipande, na nyingine zishike bila kubana. Kila ncha iachiwe milimita 5 au 6, zifichwe ndani ya konisi, ukanda wa pembeni mwa dari. Anayefunga saa nane mchana akumbuke kwamba kipande kimekwisha kurefuka. Usiku kitarudi, na konisi yenye mdomo mfupi itaacha ufa. Popo hawahitaji ufa mkubwa kuingia.

Kukata kuna makosa yake. Grenda ni ya haraka, lakini diski yake huyeyusha plastiki, ukingo unabaki na manundu yasiyoingia kwenye konisi, na PVC inayoungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo kifuani haifai kabisa. Msumeno wa chuma wenye meno madogo unatosha. Kipande kishikwe kwa mkono karibu na mkato ili kisitetemeke na kupasuka.

Lakini jambo linaloamua zaidi ni mwelekeo, na hilo huamuliwa kabla ya kununua. Wenye nyumba wanapenda mistari mirefu inayofuata baraza. Mimi ningekataa. Baraza yenye upana wa meta 1.8 ikifungwa vipande kwa upana, kila kipande cha dukani hutoa vipande vitatu, na mabaki ni machache. Muhimu zaidi, kipande kifupi hicho hurefuka chini ya milimita 3. Blandaring tu, fremu inayobeba dari, ndizo zitakazofuata urefu wa baraza, na hizo ni mbao, kwa hiyo zitibiwe dhidi ya mchwa kabla PVC haijazifunika. Baada ya hapo hakuna atakayeona kinachozila.

Upana wa kila kipande nao hutanuka kidogo, chini ya nusu milimita, na kiungo cha ulimi hulimeza hilo mradi fundi asikigonge kwa nyundo mpaka mwisho.