Darasa la Kijiweni Newala

Kanuni za mwaka 2010 ziliipa pikipiki leseni ya kubeba abiria Tanzania. Namna ya kuiendesha kwenye mchanga wa nyanda za Makonde, hilo hufundishwa kijiweni na bodaboda wa Newala.

Dereva mgeni akianguka na abiria wake, wenzake humcheka kwanza, kisha darasa linaanza. Punguza upepo wa tairi kidogo. Shika gia ya pili, breki ya mbele usiiguse, tazama mbali. Ukishuka kutoka Newala kuelekea Masasi, nyutro ni marufuku: injini ndiyo breki yako. Anayesema hivyo huwa amechuchumaa, vidole vyeusi, akipima ulegevu wa cheni kwa kidole gumba.

Ubishi nao haukosekani. Mwenye pikipiki ya Boxer humdharau wa SanLG, wa SanLG hujibu kwamba spea zake ni rahisi, na kwa kweli wote wana hoja.

Bodaboda hawa wapongezwe hasa msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, wateja wanapogombaniwa. Hata hapo, plagi ikizingua porini, bodaboda anayepita husimama na kutoa ya akiba. Bei watazungumza baadaye, kwenye kahawa.