Dereva Aliyejifunza Kuimba

Siku hizi mwimbaji huingia studio asubuhi, jioni wimbo umeshasambaa, sauti ikiwa imenyooshwa na kompyuta. Sina ugomvi na mashine. Kinachoniuma ni haraka, na ndiyo inayonirudisha kila mara kwa mwimbaji wa bluzi Bobby Bland.

Alizaliwa mwaka 1930 katika mashamba ya Tennessee, Marekani. Shule hakukaa nayo sana, kusoma hakukujua. Alipohamia Memphis na mama yake mwaka 1947 alianza na nyimbo za injili, kisha Beale Street ikamvuta, mtaa wa akina B.B. King, Johnny Ace na Rosco Gordon. Wenzake walikuwa na magitaa na piano. Yeye hakupiga ala yoyote, basi akawa dereva wao. Baadaye akaingia jeshini, na alipotoka akamwendesha mwimbaji Junior Parker, akambebea mizigo, akamsikiliza. Hata wimbo wake Farther Up the Road ulipofika kileleni mwa chati ya ridhimu na bluzi mwaka 1957, aliendelea kuzunguka na Parker kwa miaka kadhaa.

Aliyemsuka ni Joe Scott, mpiga tarumbeta na kiongozi wa bendi katika kampuni ya rekodi ya Duke, Houston. Kwa kuwa Bland hakuweza kusoma maneno, ilibidi yaingie kwa sikio, mstari kwa mstari: wapi avute pumzi, neno gani alikandamize, lipi aliachie liende zake. Na ule mkwaruzo wake maarufu, kama mtu anayesukutua koo, aliupata kwa kusikiliza tena na tena rekodi ya mahubiri ya Mchungaji C.L. Franklin, baba yake mwimbaji Aretha Franklin, kuhusu tai na kiota chake. Hakuutapanya ovyo. Katika wimbo wa Lead Me On anaingia kwa upole, anakuacha umsogelee, na ukali anaupa nafasi yake tu.

Albamu ya Two Steps from the Blues ilitoka mwaka 1961, miaka kumi hivi tangu rekodi zake za kwanza. Leo nani atamsubiri kijana miaka kumi?

Lakini sifa hazikugawanywa sawa: nyimbo nyingi za albamu ile zina jina la Deadric Malone kama mtunzi. Ni jina la kubuni la Don Robey, aliyekuwa mwenye kampuni ya Duke. Bland angalau tunamkumbuka. Scott, aliyekaa naye mstari kwa mstari, hata wapenzi wengi wa bluzi hawamjui.